Kabati la Motohomu Lisilofungika: Mwongozo Kamili wa Vitasa, Vibanio na Milango Iliyohama

Mlango wa kabati ukianza kufunguka wenyewe njiani, wengi hukimbilia kununua kitasa kipya. Shika bisibisi kwanza. Ndani ya motohomu, yaani gari lenye kitanda, jiko na kabati zake, mlango hukataa kushika kwa sababu nne: umeshuka kwenye bawaba, kibati kinachopokea ulimi kimesogea, skrubu zimelegea ndani ya mbao laini, au kitasa chenyewe kimekufa. Sababu tatu za mwanzo hutengenezeka kwa vitu vilivyomo nyumbani. Anayebadilisha kitasa kabla ya kuzikagua atakuwa na kitasa kipya kwenye mlango uleule uliopinda, na baada ya wiki mbili ataanza upya.

Kabla ya kugusa chochote, angalia ni kabati gani linalofunguka, na linafunguka wakati gani. Sahani za kilo 6 zinazoegemea mlango huusukuma kwa nguvu ya takriban nyutoni 30 dereva akikanyaga breki kwa wastani, sawa na kuning'iniza kilo 3 mlangoni. Breki ya ghafla huikaribia mara mbili ya hiyo. Lakini kabati nyingi zimetazama ujia wa katikati, kwa hiyo adui wake mkubwa ni kona. Uingereza, Kenya au Tanzania, ambako magari hupita kushoto, kipilefti huzungukwa kuelekea mkono wa kulia na mizigo hutupwa kushoto: kabati za upande wa kulia wa gari ndizo zitakazofunguka. Ujerumani na Ufaransa ni kinyume chake. Kabati likifunguka kwenye kipilefti tu, mara nyingi kitasa ni kizima na mzigo ndio mzito au umepangwa vibaya. Likifunguka kwenye barabara iliyonyooka yenye mtikisiko, hapo shuku kitasa au kibati chake.

Jua kilichoko mlangoni

Kitasa cha kubonyeza ndicho kilichoenea zaidi kwenye motohomu za Ulaya. Ukikibonyeza kifungo kinazama na ulimi unatoka, mlango umefungwa. Ukibonyeza tena kifungo kinachomoza, ulimi unarudi ndani, na kifungo chenyewe kinakuwa mshikio. Mwili wake wa ndani mara nyingi ni plastiki, na hapo ndipo kinapofia: plastiki hupasuka kwenye matundu ya skrubu, springi hulegea, au ncha ya ulimi huliwa hadi ikawa mviringo.

Kibanio cha rola kina magurudumu mawili madogo yanayobana mkuki uliofungwa mlangoni. Ndugu yake wa shaba hutumia gololi mbili badala ya magurudumu, na huwa na skrubu ndogo juu na chini za kuongeza au kupunguza ubanaji. Wengi hawajui kwamba skrubu hizo zipo, wanakitupa kikiwa kizima. Ziingize robo mzunguko kila upande, jaribu, kisha robo nyingine.

Sumaku peke yake haifai garini, hata ile iliyoandikwa kilo nyingi. Hushika vizuri ikivutwa moja kwa moja, lakini mlango unaotetemeka huteleza pembeni kidogo kidogo na nguvu yote inapotea. Kibanio cha kugusa, kile unachosukuma mlango kidogo nao unaruka nje, ni kibaya zaidi: shimo la barabarani nalo linajua kusukuma. Ukikuta hivi viwili kwenye kabati lililochongwa na fundi wa samani za nyumbani, usivitengeneze. Weka kitasa chenye ulimi.

Kwenye gari za zamani utakuta pia tundu la kidole la milimita 25 hivi, lenye ulimi nyuma yake unaousogeza kwa kidole, kama kwenye mashua. Hakina uzuri wowote, lakini ni imara na hutengenezeka kirahisi.

Vifaa

Bisibisi ya nyota namba 1 na 2, kalipa au rula ya milimita, drili ndogo yenye biti za milimita 2, 2.5, 4 na 8, tupa ya mviringo, msasa namba 120, kisu chembamba, tochi, gundi nyeupe ya mbao, gundi ya epoksi ya mirija miwili, njiti za meno, kijiti cha mviringo cha mbao ngumu chenye unene wa milimita 8, skrubu za milimita 3.5 × 12 (pakiti ya 50 inatosha gari zima), na utepe wa karatasi wa wapaka rangi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na ziwe na kichwa kilicho bapa upande wa chini. Kichwa chenye umbo la koni hupasua mwili wa plastiki kama kabari.

Zima swichi kuu ya umeme wa volti 12 na ufunge gesi ikiwa utafanya kazi karibu na jiko. Nyuma ya kabati za juu hupita nyaya za taa, na chini ya sinki hupita bomba la gesi. Skrubu iliyo ndefu kwa milimita 10 kuliko inavyotakiwa inatosha kutoboa kimojawapo. Mlango nao una unene wa milimita 15 au 16 tu, kwa hiyo pima kila skrubu kwa kuiegemeza pembeni mwa mlango kabla ya kuifunga. Ncha ikichomoza upande wa mbele, hakuna msasa utakaorudisha sura ile.

Ukaguzi wa dakika kumi

Egesha gari mahali tambarare kabisa. Gari lililoinama hupinda kidogo, na utarekebisha kosa lisilokuwepo.

Fungua mlango, ushike kwenye kona iliyo mbali na bawaba, uinue juu na kuushusha. Ukicheza zaidi ya milimita moja, bawaba imelegea. Kaza skrubu zake kabla ya kuendelea. Skrubu ikizunguka bure bila kukaza, tundu limetanuka, na dawa yake iko chini.

Sasa paka ncha ya ulimi rangi ya mdomo au chaki, funga mlango, bonyeza kifungo, kisha ufungue. Alama iliyobaki kwenye kibati itakusimulia yote. Ikiwa juu ya ukingo wa chini wa tundu, mlango umeshuka. Ikiwa nje kabisa kwenye ukingo wa mbele, mlango haufiki ndani vya kutosha, pengine kwa sababu mpira au sponji ya kuzuia kelele ni nene mno. Ikiwa ni ncha tu iliyogusa, ulimi hauingii vya kutosha: sisi huhesabu milimita 5 kuwa kiasi kizuri, na chini ya 3 ni kusubiri mlango ufunguke.

Mwisho, pitisha kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu kwenye kona zote nne. Kinapobana kona moja na kulegea kona ya pili, mlango umejikunja au kabati limepinda. Hapo gusa mbao pia. Ikiwa laini, imeumuka au ina doa la kahawia, usijaze tundu lolote bado. Maji yanaingia mahali fulani, mara nyingi kwenye kiungo cha paa au dirisha juu ya kabati. Kipimo cha unyevu kikizidi asilimia 20, tengeneza mvujo na uache mbao ikauke kwanza, maana gundi kwenye mbao mbichi ni kazi ya kurudiwa.

Mlango uliokwama umefungwa

Hii ndiyo hitilafu inayotia watu hasira hadi wakavunja mlango. Kitasa cha kubonyeza kimefungwa, kifungo kinazama kila ukibonyeza, lakini hakirudi.

Anza kwa kupunguza mzigo kwenye ulimi. Sukuma mlango ndani kwa kiganja karibu na kitasa, na ukiwa umeushikilia hivyo, bonyeza kifungo kwa mkono mwingine. Mara nyingi kitu kizito ndani ndicho kilichoubana ulimi, na hili linatosha. Likishindikana, endesha gari mahali lilipoinama upande wa pili ili mzigo urudi nyuma, ujaribu tena.

Watu hupenda kutumia kadi ya benki kama kwenye mlango wa chumba. Hapa haifui dafu. Ulimi wa kabati umekatwa mshazari upande wa ndani, na upande unaokutazama ni bapa, kwa hiyo kadi hugonga ukuta. Kinachosaidia ni kisu cha putty chembamba kinachopita kati ya ncha ya ulimi na kibati, kikausukuma ulimi kurudi ndani. Zungushia utepe kingo za mlango kwanza, kwa sababu milango mingi imefunikwa karatasi au plastiki yenye picha ya mbao, nayo huchubuka kirahisi.

Kama bado, tafuta njia ya nyuma: kabati la jirani, droo iliyo chini unayoweza kuichomoa, au ubao wa mgongo uliofungwa kwa skrubu nne. Ukiingiza mkono, fungua skrubu za kitasa na mlango utaachia wenyewe.

Njia ya mwisho ni kutoboa kifungo katikati kwa biti ya milimita 4, drili ikienda polepole. Funga utepe kwenye biti kwa kina cha milimita 15 usije ukatoboa vilivyomo. Tundu likishafunguka, ingiza bisibisi nyembamba na usogeze kipande cha ndani kinachosukuma ulimi. Kitasa hicho kimekufa, lakini ni bei nafuu kuliko mlango.

Kurudisha mlango mahali pake

Bawaba ya kikombe, ile iliyozamishwa kwenye tundu la milimita 35, ina marekebisho matatu. Skrubu iliyo karibu na kikombe husogeza mlango kushoto na kulia. Ile ya nyuma huusogeza ndani na nje. Juu na chini hurekebishwa kwa kulegeza skrubu mbili za bamba lililofungwa kwenye fremu. Zungusha nusu mzunguko tu kwa kila jaribio, na rekebisha bawaba zote mbili kabla ya kufunga mlango, la sivyo unaupinda. Bawaba nyepesi za springi hazina marekebisho haya. Hapo husogezwa kibati cha ulimi.

Kibati chenye matundu marefu hulegezwa, husogezwa hadi alama ya chaki ikae katikati, kisha hukazwa. Kibati chenye matundu ya duara hakina nafasi ya kusogea, na kukitoboa upya milimita 2 kutoka tundu la zamani ni kujidanganya, maana skrubu itarudi kwenye tundu lile lile. Jaza la zamani kwanza.

Tundu lililotanuka

Milango ya motohomu hutengenezwa kwa plaiwudi nyepesi ili gari lisizidi uzito, na mbao hiyo haishiki skrubu kama mninga au mkongo. Kuongeza skrubu nene ndilo kosa la kawaida. Hushika wiki moja kisha hupasua tabaka.

Tundu dogo: chovya njiti za meno mbili au tatu kwenye gundi ya mbao, zijaze, zikate sawa na uso, subiri muda wa saa 12, toboa kwa biti ya milimita 2, kisha funga skrubu kwa mkono.

Tundu lililoharibika kabisa: toboa kwa biti ya milimita 8 hadi kina cha 10, ukiwa umefunga utepe kwenye biti. Paka gundi ndani ya tundu na kwenye kijiti, kigonge taratibu, subiri siku nzima, kata kwa kisu na upige msasa. Toboa milimita 2 katikati. Usiharakishe kukauka kwa kuweka gari juani. 

Milango mingine ndani ni sponji au karatasi ya masega kati ya ngozi mbili nyembamba. Utaijua kwa kuigonga, inalia kama debe. Kijiti hakina cha kushika humo. Chimba sponji kidogo kuzunguka tundu kwa msumari uliopindwa, jaza epoksi, acha igande, kisha toboa. Kwa mlango mzito tunapendelea kubandika kwa ndani kipande cha plaiwudi cha milimita 3, chenye ukubwa wa kiberiti mara mbili, na kufunga kitasa juu yake. Kumbuka tu kwamba ulimi utasogea nyuma milimita hizo 3, na kibati lazima kiufuate.

Kubadilisha kitasa cha kubonyeza

Usiagize kwa picha. Vitasa viwili vinavyofanana kwa macho hutofautiana milimita 2 mahali panapouma. Pima unene wa mlango, kipenyo cha tundu la kifungo, umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya kifungo, nafasi kati ya matundu ya skrubu, na urefu wa ulimi ukiwa nje. Angalia pia kama ulimi unaelekea kushoto, kulia au juu, kwa sababu aina nyingine haziwezi kugeuzwa. Kifungo na mwili wake mara nyingi huuzwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo ukipata rangi ya kifungo iliyolingana usidhani umepata kila kitu.

Gari la milango 14 lenye umri wa miaka kumi vitasa vyake vimezeeka pamoja. Si lazima kununua 14. Nunua 4 au 5, uviweke kwenye kabati la vyombo, la chini ya sinki na la chakula, na vile vya zamani vilivyo hai uvipeleke kwenye kabati zisizoguswa sana. Vilivyokufa usivitupe: springi na vifungo vyake ni vipuri.

Toa pete ya mbele kwa kuizungusha au kuifungua kwa ndani, fungua skrubu za mwili, toa. Safisha tundu. Kama kifungo kipya kinabana, panua tundu kwa tupa ya mviringo. Msumeno wa kutobolea matundu ya duara hautafanya kazi, hauna tena kitovu cha kung'ata, utaruka na kuchana uso wa mlango. Funga mwili mpya kwa skrubu mbili tu, mlango ukiwa wazi, na ubonyeze kifungo mara kumi. Ulimi utoke na kurudi kila mara. Ukiruka hatua hii na kufunga mlango moja kwa moja, unaweza kujifungia kitasa kipya kilichowekwa kombo, na utarudi kwenye sehemu ya juu ya kutoboa.

Kaza kwa mkono hadi kichwa kiguse, kisha robo mzunguko. Drili ya umeme hupasua plastiki bila kutoa sauti. Usiweke gundi ya kuzuia nati kulegea: ndani ya mbao haina kazi, na ikigusa plastiki huweza kuitia nyufa.

Kwa ulainisho tumia unga wa risasi ya penseli au kusugua mshumaa kwenye ulimi. Mafuta na grisi hushika vumbi na kugeuka tope ndani ya kitasa.

Kabati za juu

Mlango unaofunguka kwenda juu una shokapu ndogo za gesi, na nguvu yake imeandikwa ubavuni, kwa mfano 80N. Ukiweka yenye nguvu zaidi, shokapu yenyewe itausukuma mlango nje usiku na mchana, na ulimi utaliwa mapema. Badilisha kwa nguvu ileile na urefu uleule kutoka kitovu cha kiungo kimoja hadi kingine, na fimbo ielekee chini mlango ukiwa umefungwa. Shikilia mlango kabla ya kuibandua klipu, utakudondokea kichwani.

Mlango wenye upana wa zaidi ya sentimita 60 na kitasa kimoja katikati hujikunja kwenye kona, nao hupiga kelele hata ukiwa umefungwa vizuri. Ongeza kitasa cha pili, kila kimoja kikae robo ya upana kutoka ukingoni. Ndani, gundisha ubao mwembamba wenye kimo cha sentimita 4 kwenye ukingo wa sakafu ya kabati, kama kwenye rafu za mashua, ili mzigo uegemee ubao na mlango ubaki kuwa mlango. Huu ubao wa bei ya soda huokoa vitasa vingi kuliko chapa yoyote ghali. Vyombo vizito na makopo vishuke chini. Juu paki nguo na mkate.

Droo, na barabara zetu

Droo ya sufuria ikijaa ina kilo 10 au zaidi, na reli zenye kujifunga taratibu hazishiki chochote kwenye kona. Lazima iwe na ulimi wake. Ikiwa ina kitasa na bado inatoka, kagua kama klipu za plastiki zinazoifunga droo kwenye reli hazijavunjika: mbele ya droo husogea, ulimi unakosa tundu, na kitasa kinasingiziwa.

Magari ya safari yenye droo na kabati nyuma, yanayopita njia kama ile ya Ngorongoro kwenda Seronera, yanahitaji kitu kingine. Mawimbi ya barabara ya changarawe hulegeza kila kinachocheza hata nusu milimita. Huko tumia vitasa vya kubana, ambavyo ukivizungusha huvuta mlango ukaukandamiza mpira wa fremu usitetemeke kabisa, na ufunge kwa bolti za milimita 4 zenye washa pana na nati za kujishika badala ya skrubu za mbao. Kupunguza upepo wa matairi kwenye changarawe nako hupunguza mtetemo, ila ujaze tena kabla ya lami. Kwa gari linaloishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chagua shaba au chuma kisichoshika kutu cha daraja la A4, kile kinachostahimili chumvi, kwa kuwa hewa ya chumvi hula springi za chuma cha kawaida.

Njiani, kitasa kikifa mbali na duka, funga kamba ya mpira kati ya vifungo viwili vya milango jirani. Usitumie utepe wa kufungia maboksi, utabandua ngozi ya mlango.

Kujaribu

Pakia kabati kama kawaida. Tundika mizani ya ndoano ya kupimia begi kwenye mshikio, mlango ukiwa umefungwa, na uvute polepole. Mlango wenye ulimi ushike kilo 10 bila kuachia. Wa rola ukiachia kabla ya kilo 4, usiweke vyombo vya kioo humo. Kisha endesha kilomita chache ukipitia kipilefti na matuta, mtu wa pili akiwa ameketi nyuma amefunga mkanda, akisikiliza.

Ukirudi, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye mwili wa kitasa. Baada ya kilomita 200 angalia tena: mstari uliovunjika ni skrubu iliyoanza kuzunguka, na hiyo ndiyo ya kujaza tundu lake kabla ya safari ndefu.